Zamu ya mtaa imenifikia

Mwezi Aprili, mwaka mpya wa shughuli unapoanza hapa Japani, zamu ya kuongoza kikundi cha nyumba zetu ilinifikia bila mimi kuiomba wala kuitaka. Katika mtaa wetu, pembezoni mwa Nagoya, chama cha wakazi kimegawanywa katika vikundi vidogo vya nyumba zinazopakana, na uongozi wa kikundi huhama nyumba hadi nyumba kila mwaka. Aliyekulia Tanzania kama mimi atamkumbuka balozi wa nyumba kumi, ila hapa hakuna uchaguzi. Jirani aliyemaliza zamu, mama mtu mzima anayeishi peke yake, alinikabidhi daftari la ada na ufunguo wa stoo, nami nikapokea kwa mikono miwili, kwa kuwa sikuona namna ya kumkatalia.

Kisheria ningeweza kukataa. Vyama hivi ni vya hiari, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba mkazi ana haki ya kujitoa. Hata hivyo, anayejitoa bado atapeleka taka zake pale pale wanapopeleka wenzake, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kazi ya taka ndiyo inayonichosha kuliko zote. Siku ya taka za kuchomwa natoka alfajiri kutandaza wavu juu ya mifuko ili kunguru wasiichane, kisha nakandamiza pembe zake kwa chupa za plastiki zilizojazwa maji. Mfuko uliotolewa siku isiyo yake huachwa na wazoa taka ukiwa umebandikwa karatasi ya onyo, nami natakiwa kumtafuta aliyeutoa. Jambo hili naliona si la haki, kwa sababu mara nyingi mwenye mfuko ni mgeni ambaye hakuna aliyemweleza ratiba kwa lugha anayoielewa.

Jalada la matangazo, linalopita mlango kwa mlango, nalipenda. Kila nyumba husoma, hugonga muhuri wake, kisha hulipeleka kwa jirani. Likikwama kwa mzee, najua imenipasa kwenda kupiga hodi. Katika tetemeko la Kobe la Januari 1995, wengi wa waliookolewa chini ya vifusi walitolewa na jamaa na majirani, na jirani hawezi kukutafuta asipojua kuwa umo ndani.

Lakini ujirani wa kulazimishwa una historia mbaya hapa: mwaka 1940 serikali iliviunganisha vikundi hivi na utawala wa vita, hata mgao wa chakula ukapitia humo, na mwaka 1947 vikapigwa marufuku chini ya ukaliaji wa Marekani. Ndiyo maana katika mkutano mkuu ujao nitapendekeza wazee wanaoishi peke yao wasamehewe zamu, ingawa nafahamu kwamba, pendekezo hilo likipita, zamu yangu itarudi mapema zaidi.