Neno Lililokatwa kwa Wino wa Bluu

Juzi mwanangu alikuwa anatafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye bahasha ya kaki, akaibuka na karatasi nyingine. "Mama, 'bila mwajiri kukiri kosa' maana yake nini?" Nikamwambia nitamjibu baadaye.

Ni ile hati ya usuluhishi. Barua ya kuniachisha kazi ilidai mali ya stoo ilipotelea mikononi mwangu, na mstari wa tatu ukataja wizi. Sikuhojiwa, sikupewa nafasi ya kujitetea. Mimi nilitaka mahakama, hata ichukue miaka. Katibu wa chama chetu cha wafanyakazi ndiye aliyenisihi tuanzie kwa msuluhishi. Akanikumbusha kwamba tangu 1951 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 92, linataka njia hiyo iwe ya haraka na bila malipo. Nikakubali shingo upande.

Kikao cha pamoja hakikufika hata robo saa. Meneja alisoma barua ile ile, nami nikapandisha sauti. Msuluhishi akatutenganisha, kila upande chumba chake. Alipokuja kwangu alivuta kiti akaketi ubavuni pangu, si mbele yangu, akafunga daftari lake.

"Dada, mimi si hakimu, sina hukumu ya kutoa. Utakachoniambia hapa hakivuki mlango huu bila ruhusa yako. Ukiondoka leo, unataka uwe umepata nini?"

Jibu nilikuwa nalo tayari: malipo ya notisi, likizo ambazo sikwenda, fidia. Nilishazijumlisha kwenye karatasi niliyoikunja mara nne, iko kiganjani imelowa jasho. Nikafungua mdomo, kikatoka kingine kabisa.

"Nataka lile neno liondoke."

Machozi yakanitoka. Hakunibembeleza, alisubiri tu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Naruhusiwa kuwaambia hilo?" Nikaitikia kwa kichwa.

Nikasikia viatu vyake vikienda koridoni, mlango ukafungwa. Vikarudi. Vikaenda tena. Mara ya tatu alirudi na barua yenyewe: "wizi" limekatwa kwa wino wa bluu, mstari mmoja ulionyooka, na pembeni saini fupi ya meneja. Niliishika kwa mikono miwili.

Mengine yalikwenda haraka. Barua mpya, cheti cha utumishi, na fedha. Kiasi sikitaji wala jina la kampuni, tuliwekeana siri na nilitia saini. Pengine mahakamani ningepata zaidi. Ila sidhani hukumu yoyote ingetukalisha mimi na meneja kuchagua pamoja maneno ya barua ile mpya.

Lakini kipengele cha nne ndicho hicho alichokisoma mwanangu. Hakuna aliyesema sikuiba. Walikubali tu kutosema kwamba niliiba. Wenzangu wa stoo hawakutangaziwa kitu.

Jana usiku ameniuliza tena. Nikaketi naye kitandani, nikaanza na maana ya "kukiri". Hapo hapo nikakwama.