Mishono ya mama

Jana nilimpeleka mama Bukumbi, kwenye misheni ya Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, ya tangu 1883. Yeye alisomeshwa na masista, shule ya bweni ya wasichana, hapa hapa kandokando ya Ziwa Victoria. Njiani akaona pindo la gauni langu limefumuka. Akatoa sindano kwenye mkoba, akashona humo humo garini, mishono midogo imelingana kama punje za ulezi. "Ukikosea mmoja, Sista anafumua yote."

Masista Weupe walianzishwa Algeria 1869, na 1894 walishafika Ushirombo. Enzi hizo nani kwetu alimpeleka binti shule? Baadaye, kwa sheria ya elimu ya 1969, serikali ya Tanzania ikachukua shule nyingi za misheni.

Mama bado anaimba Salve Regina, wimbo wa Bikira Maria, kwa Kilatini. Niliegesha gari nikamsikiliza mpaka akamaliza.