Nimekosea mara 19, nimepatia mara 4

Nimekuwa mpiga kinanda wa kwaya hapa Dar mwaka wa tisa sasa, Katoliki, nilianza na solfa, zile herufi d r m za do re mi, kama wengi wetu alafu nota za mistari nikajifunza ukubwani, na kibodi yangu ya nyumbani ni ile ya nota 61. Nasema haya ili ujue naongea na nani, naongea na wewe unaerudi kazini saa moja usiku umechoka alafu unakaa kwenye kinanda lisaa lizima na mwisho wa mwezi mkono uko vilevile.

Pasaka mwaka jana niliharibu wimbo wa matoleo. Kuna kipande cha kinanda peke yake kabla ya shairi la mwisho, mkono wa kushoto unashuka haraka nota nane, ki ya F (yaani d ni nota F), d' t l s f m r d basi, d' ikiwa ni do ya juu, kitu ambacho ukikiangalia kwenye karatasi hakitishi kabisa. Nilipofika pale kidole gumba kikachelewa, nikagonga nota mbili kwa pamoja, mkono wa kulia ukaendelea peke yake, besi wakaingia mapema na mwalimu ikabidi ainue mkono tusimame tuanze upya shairi zima kanisa likiwa limejaa mpaka nje. Iliniuma sana, na iliniuma zaidi kwasababu kile kipande nilikifanyia mazoezi wiki tatu, kila jioni!

Usiku ule nikasema ngoja nijirekodi kama ninavyofanyaga mazoezi siku zote, simu juu ya kibodi, dakika 40. Nikamaliza nikasikiliza na kalamu mkononi. Kile kipande nilikipiga mara 23. Nilipatia mara 4.

Na kila nilipokosea nilikuwa nafanya kitu kimoja, narudi mwanzo wa wimbo, napiga ile mistari ya mwanzo ambayo naijua hata nikiwa usingizini, inanipa raha, nafika palepale kwa spidi ileile na kujikwaa palepale. Yaani dakika 40 zote, ule mshuko wa nota nane haukupata hata dakika tano zake. Vidole havijui hili ni kosa na hili ni sahihi, vinashika unachovipa mara nyingi, na mimi jioni moja nilikuwa nimevipa kosa mara 19.

Baadae nikaja kukuta utafiti mmoja wa 2009 wa Robert Duke na wenzake, chuo kikuu cha Texas kule Austin. Walichukua wapiga piano 17 wa chuo wakawapa vipimo vitatu tu (vile visehemu kati ya mistari ya wima kwenye nota) kutoka Konsato ya Piano namba 1 ya mtunzi Mrusi Shostakovich, kila mtu ajifunze mpaka aridhike, kesho yake wakapimwa. Waliofanya vizuri hawakuwa waliokaa muda mrefu zaidi wala waliorudia mara nyingi zaidi, kilichowatofautisha ni kwamba kati ya mara walizopiga, sehemu kubwa ilikuwa sahihi. Wakikosea walitafuta palipoharibika hasa, wanapunguza spidi, wanapanyoosha hapo hapo ndo wanaendelea. Nilipoisoma nikakumbuka ile karatasi yangu ya 23 na 4.

Sasa nikarudi kwenye rekodi tena ila safari hii nikamwomba mdogo wangu anichukue video ya mkono wa kushoto. Ndo nikaona tatizo. Nilikuwa natumia vidole tofauti kila mara! Mara gumba linapita baada ya nota ya pili, mara ya tatu, kuna mara nimefika chini kidole cha mwisho kimebaki hewani hakina pa kwenda. Ule mshuko vidole vyake (gumba ni 1, kidole kidogo ni 5) ni 1 2 3 alafu gumba linapita chini, 1 2 3 4 5, kwahiyo d' t l na vidole vitatu vya kwanza, s ni gumba tena, na f, yaani ile B flati nyeusi, inaangukia kidole cha shahada. Nikaiandika kwa penseli juu ya nota na sijaibadilisha tangu siku ile.

Kingine nilichokiona kwenye video ni kiwiko. Gumba lilikuwa linasubiri mpaka zamu yake ifike ndo linarukia, kiwiko kinatoka nje kwa nguvu na ile s inasikika kubwa kuliko wenzake. Dawa yake ni gumba lianze safari mapema, likishaachia d' tu linaanza kuteleza chini ya kiganja wakati kidole cha pili na cha tatu bado vinapiga, zamu ikifika liko tayari juu ya nota yake. Nilikaa siku mbili nzima kwenye nota mbili tu, l na s, kidole cha tatu na gumba, kwenda na kurudi, metronomu, ile ya kuhesabia mapigo, ikiwa mapigo 50 kwa dakika. Alafu t l s. Alafu l s f. Siku ya nne ndo nikaunganisha zote nane.

Sheria niliyojiwekea ni kupatia mara tano mfululizo ndo napandisha mapigo manne, nikikosea narudi chini na hesabu inaanza sifuri. Siku nyingine nilimaliza chini ya nilipoanzia na niliacha hivyohivyo, dakika 25 zikiisha nafunga, maana kwakweli baada ya hapo masikio yangu yanaacha kusikia makosa. Mkono ukiuma hapo hakuna kuvumilia, acha kabisa. Schumann, yule mtunzi Mjerumani, aliharibu mkono wake wa kulia akiwa kijana na ndoto ya kupiga piano jukwaani ikaishia pale.

Na watu wengi tunaanzia skeli (ngazi ya nota) ya C kwasababu haina nota nyeusi. Chopin, mtunzi na mwalimu wa piano, alikuwa anawaweka wanafunzi wake kwanza kwenye E, F shapu, G shapu, A shapu na B, ili vidole virefu vikae juu ya nyeusi na vile vifupi vya pembeni vikae kwenye nyeupe, mkono unalala ulivyoumbwa. C aliiona ngumu, aliiacha mwisho. Jaribu leo uweke mkono hapo usikie tofauti.

Ule wimbo wa matoleo tumeurudia Pasaka hii. Nilijirekodi wiki ya kabla yake, mara 20, nikapatia 18, na kanisani ulishuka vizuri, besi waliingia mahali pao.

Sasa hivi niko kwenye Invensheni namba 1 ya mtunzi Bach, kipande kifupi cha sauti mbili, vipimo 22, mojawapo ya zile 15 alizoziandika kufundishia. Mada yake ni d r m f r m d s, unaanza nayo mkono wa kulia, kushoto anairudia chini yake oktavu moja. Ila ukifika kipimo cha 7 zamu zinageuka, wa kushoto ndo anatangulia na wa kulia anamfuata. Nipo hapo wiki ya pili, mapigo 54, jana nimepatia mara tatu mfululizo.