Nilivyojifutia mipangilio ya WSJT-X kwa mkono wangu mwenyewe

Ujumbe uliingia saa tatu usiku: "Mwanangu, umehamia Mombasa bila hata kutuaga?"

Aliyeuandika ni mzee mmoja wa Arusha aliyenishika mkono nilipoanza redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana kwa redio kwa kujiburudisha tu. Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Mombasa tena? Mimi nipo hapa hapa Tanga." Akanitumia picha ya ramani ya PSK Reporter, tovuti inayoonyesha kituo gani kimesikika na kiko wapi. Alama yangu ya mwito, yaani jina la kituo changu hewani, ilikuwa imekaa huko karibu na mpaka wa Kenya, na pembeni yake imeandikwa KI95.

Sisi wa redio tunaigawa dunia kwa miraba yenye namba, na kila mtu hutangaza mraba alipo. Tanga mjini ni KI94. KI95 ni mraba unaofuata kwa kaskazini. Mombasa imo humo, na Lushoto imo pia, kwa bibi yangu, ambako huwa napanda na redio ndogo kila nikipata likizo. Basi wiki nzima nilikuwa nawatangazia Wajapani na Waitaliano kwamba niko milimani, kumbe nimekaa kwenye joto la Tanga na feni inanipulizia mgongoni.

Kwa asiyeijua, WSJT-X ndiyo programu tunayotumia kuwasiliana kwa mawimbi dhaifu. Ilianzishwa na Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1993. FT8, mtindo unaotumika zaidi humo, ulitoka mwaka 2017: unatuma kwa zamu za sekunde 15, unachukua hezi 50 tu za upana, na ujumbe unasomeka hata pale ambapo sikio halisikii chochote isipokuwa kelele. Ndiyo maana wati tano kutoka Lushoto zinaweza kufika Ulaya. Lakini programu yenyewe ina mipangilio mingi mno: alama ya mwito, mraba, aina ya redio, poti, kadi ya sauti, orodha ya masafa, rangi, nguvu ya kila bendi. Ukiwa na redio mbili na sehemu mbili za kukaa, huwezi kuyabadilisha yote kwa mkono kila safari.

Kuna menyu inaitwa "Configurations" inayokuwezesha kuhifadhi mipangilio kamili kwa jina unalotaka, kisha ukahama kutoka huu kwenda ule. Nilipoigundua niliifurahia kupita kiasi. Nikatengeneza saba. Nyumbani FT8, nyumbani FT4 na nyumbani WSPR (mitindo mingine ya programu hiyohiyo), nyumbani mita 10 (bendi ya megahezi 28), Lushoto FT8, Lushoto WSPR, na mmoja nilioupa jina "JARIBIO" ambao mpaka leo sikumbuki ulikuwa wa kujaribu nini.

Njia ya kutengeneza mpya ni kudurufu uliopo. Hapo ndipo nilipojikwaa mara ya kwanza. Mpangilio wa mita 10 wa nyumbani niliudurufu kutoka ule wa Lushoto, nikabadilisha redio, nikabadilisha sauti, nikabadilisha masafa kuwa megahezi 28.074, nikasahau mraba. KI95 ikashuka nami hadi baharini.

Nilifikiri durufu ni kama mtoto anayeendelea kumfuata mzazi: ukirekebisha kitu pale, na huku kinarekebishika. Sivyo. Ni fotokopi. Ukishaitoa, kila karatasi inaishi maisha yake. Kuwa na mipangilio saba maana yake ni kwamba kitu kimoja kikibadilika, unakirekebisha mara saba.

Na kilibadilika. Siku moja nilipanga upya meza, nikachomeka kebo ya IC-7300, redio yangu ya nyumbani, kwenye tundu jingine la USB. Kwangu mimi ni kebo ileile. Kwa Windows ni kifaa kipya: jana kiliitwa "USB Audio CODEC", leo ni "2- USB Audio CODEC". Nikafungua programu, dirisha la mawimbi tupu, hakuna hata mstari mmoja unaoshuka. Kwenye mipangilio ya sauti jina la zamani limegeuka jekundu. Cha kuudhi zaidi, kile kisanduku cha sauti ninachotumia na redio ndogo, FT-818, nacho kinajitambulisha "USB Audio CODEC". Majina pacha kwenye orodha moja.

Nikarekebisha ule mpangilio mkuu, wa nyumbani FT8. Huo ndio niliokuwa nimeulea kwa muda mrefu: jumbe fupi nilizoandika mwenyewe, masafa niliyoongeza, nguvu ya kila bendi niliyoipima taratibu ili redio isipotoshe mawimbi. Mingine ilikuwa durufu za zamani. Nikasema, badala ya kurudia kazi, niumwagie huu mzuri juu ya ile mibovu. Nikaona kuna kitufe cha "Clone into". Nikaweka kishale juu ya NYUMBANI FT8, nikabonyeza, ikatokea orodha, nikachagua NYUMBANI MITA 10. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo kwa kasi ileile ninayokubalia masharti ya kila kitu kwenye simu.

Dirisha likajifunga, likafunguka upya. Masafa 28.074. Jumbe zangu hazipo. Mraba KI95.

Ule uliowekewa kishale ndio unaofunikwa. Ule unaouchagua kwenye orodha ndio unaotoka. Mimi nilisoma kinyume, na swali la uthibitisho lilikuwa limeeleza waziwazi nini kinakwenda juu ya nini. Sikulisoma.

Nikakimbilia flashi, maana najivunia kuwa mtu wa akiba. Nikakuta wsjtx_log.adi, kumbukumbu zote za mawasiliano, safi kabisa. Mipangilio haikuwemo. Hiyo hukaa kwenye faili nyingine, WSJT-X.ini, na sikuwahi kuinakili hata siku moja. Nikaifungua faili hiyo kwa Notepad, nikaanza kuandika vitu kwa mkono huku programu iko wazi. Nilipoifunga programu, ikaandika mambo yake juu ya yangu, na nusu saa ya kazi ikapotea. Ukitaka kuigusa faili hiyo, au hata kuinakili, funga programu kwanza.

Nilijenga upya kuanzia mwanzo, jioni mbili, na safari hii nikatenganisha redio kwanza. Kila redio nimeitengenezea ikoni yake kwenye skrini, na kwenye sehemu ya "Target" ndani ya sifa za ikoni nimeongeza maneno haya mwishoni: --rig-name=NYUMBANI kwa moja, --rig-name=LUSHOTO kwa nyingine. Programu ikifunguliwa hivyo inajitengenezea folda yake na faili yake ya mipangilio. Siwezi tena kuchanganya, hata nikitaka. Ndani ya nyumbani nina mipangilio mitatu: FT8, FT4 na WSPR. Ndani ya Lushoto miwili. Mita 10 haihitaji mpangilio wake, ni bendi tu, inachaguliwa dirishani. JARIBIO sikumrudisha.

Kadi za sauti nimezibatiza majina. Kwenye mipangilio ya sauti ya Windows unaweza kukibadilishia kifaa jina, kwa hiyo sasa orodha inasema KUBWA na NDOGO badala ya wale mapacha. Na kila tundu la USB nimelibandikia kipande cha plasta chenye rangi. Mke wangu aliuliza kama kompyuta imeumia.

Kuna kitu sikukitarajia. Folda mbili maana yake kumbukumbu mbili. Safari ya kwanza Lushoto baada ya mabadiliko haya, skrini iliwaka kila sekunde 15 rangi za nchi mpya, yaani zile ambazo hujawahi kuwasiliana nazo: Italia mpya, Urusi mpya, Afrika Kusini mpya. Nilifurahi kama dakika moja hivi, kisha nikagundua programu ya Lushoto haina habari na mtu yeyote niliyewahi kuongea naye Tanga. Suluhisho ni la kihuni kidogo: programu zikiwa zimefungwa, naunganisha zile faili mbili za kumbukumbu, naweka nakala ileile kwenye folda zote mbili. Nafanya hivyo kila ninaporudi, pamoja na kuhamishia folda nzima kwenye flashi. Folda nzima, si faili moja.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa bibi, waya umefungwa kwenye mparachichi, betri kwenye kiti cha plastiki. Nikafungua ikoni ya LUSHOTO, nikaweka 14.074. Kabla ya kutuma nikaangalia mraba mara mbili, nikamwandikia mzee: "Shikamoo. Leo KI95 ni ya kweli." Akajibu baada ya robo saa, "Marahaba. Nimeona. Salimia Mombasa."