Siku kumi na moja simu haikulia

Kila Jumapili nikimpigia mama simu Tanga, tukishamaliza shikamoo na marahaba na habari za majirani mmoja mmoja, huniuliza: "Haya mwanangu, wiki hii umetengeneza nini?" Mama ni mke wa mvuvi. Kwake yeye mtu aliyefanya kazi ana kitu cha kuonyesha: ngalawa iliyokalafatiwa, nyavu zilizoshonwa, tenga lenye samaki. Mimi nasimamia mifumo ya kompyuta ya kampuni moja hapa Tampere, Ufini. Wiki yangu njema ni ile ambayo watu mia tatu wamefungua mashine zao asubuhi, wamefanya kazi, wakazizima jioni na kwenda zao, bila hata mmoja kukumbuka kwamba kuna chumba cha seva, zile kompyuta zinazohudumia mashine zao zote. Miaka mingi nilishindwa kumweleza.

Natoka nyumbani saa moja asubuhi. Desemba jua la hapa huchomoza karibu saa nne kasoro robo na kuzama saa tisa alasiri, kwa hiyo kwa wiki kadhaa naenda kazini gizani na kurudi gizani, ndani ya tramu ambayo jiji liliianzisha 2021. Kitu cha kwanza ninachofungua ni ripoti ya bekapu za usiku, yaani nakala za akiba za kila kilichomo kwenye seva. Barua pepe zitasubiri. Hata ripoti ikiwa ya kijani tupu siiamini moja kwa moja. Mara moja kwa mwezi tunachagua seva moja, tunachukua nakala yake na kuirudisha yote kwenye mashine tupu, tuone kama kweli inawaka na hesabu za ndani zinasomeka. Mara mbili tangu nianze kazi hapa tumekuta nakala iliyodai imekamilika, kumbe ndani hamna kitu.

Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft hutoa viraka vya usalama, marekebisho ya kuziba mianya kwenye programu zake, na kwetu huwa saa mbili usiku. Hatuvikimbilii. Jumatano tunaviweka kwenye mashine ishirini za idara yetu, tunazitazama siku mbili tatu, ndipo nyingine zinafuata. Baada ya hapo ni mambo ya umeneja: leseni, bajeti, cheti cha usalama cha tovuti kinachokaribia kuisha muda, mhasibu aliyerudi likizo na kusahau nywila.

Chombo ninachokishika kuliko vyote kimezaliwa nchi hii. Mwaka 1995, baada ya wezi kunasa nywila kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, aliandika SSH, programu inayokuwezesha kuingia kwenye seva ya mbali huku kila unachoandika kimefumbwa. Linus Torvalds naye alikuwa ameianza Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Nilikuwa nikivitumia vyote viwili Dar es Salaam, nimekalia ndoo ya rangi pembeni ya seva, wala sikujua vimetoka wapi.

Kazi nilifundishwa na Dar, na sitaki msomaji adhani naidharau. Umeme ukikatika, betri za UPS zilikuwa zinatupa dakika kumi na tano. Ndani ya hizo uwashe jenereta, ama uzime seva moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake. Kiyoyozi kikifa, joto la chumba linapanda mpaka unaogopa kugusa chuma. Nilijua kwa sikio feni ipi inaanza kuchoka. Ila nilikuwa peke yangu. Nywila zote, njia za nyaya, swichi ile ambayo lazima uichomoe mara mbili ndipo ikae sawa: vyote vilikuwa kichwani mwangu, na nilijivunia hilo.

Mwaka 2014 bibi yangu alifariki Pangani. Nilikuwa Ubungo nasubiri basi, simu ikaita: mfumo wa mishahara umegoma na kesho ni siku ya malipo. Nikarudi ofisini. Nilipofika Pangani walikuwa wameshazika. Mjomba hakunilaumu. Alinishika mkono, akanipeleka kaburini, akarudi nyumbani akaniacha pale na ule udongo mbichi.

Tampere nilifika Agosti 2016 kusoma shahada ya uzamili, mwaka mmoja kabla wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hawajaanza kutozwa ada. Kazi nilipata 2018. Julai nchi hii hutulia kabisa. Watu huenda kwenye mökki, nyumba zao ndogo za kando ya ziwa, wiki tatu au nne mfululizo, na hiyo likizo wanapewa na sheria. Mwanzoni mwa Juni mkuu wangu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliniuliza kurasa zangu ziko wapi. Kurasa zipi? Akasema: andika kila unachokifanya, kisha mwenzako atakifanya kwa kusoma, na wewe utakaa nyuma yake kimya.

Nikaandika kurasa tisa. Siku ya jaribio nikaketi nyuma ya mwenzangu, nimekatazwa kufungua mdomo. Dakika ya nne akakwama. Nilikuwa nimeandika "ingia kwenye seva ya zamani". Ya zamani ipi? Mimi naijua, yeye ataijuaje? Akageuka kunitazama, na mkuu akanikataza kwa kichwa nisimjibu. Mambo niliyoyaona madogo kiasi cha kutoyaandika ndiyo yaliyomkwamisha kila mara. Niliziandika upya mara tatu, zikafika kurasa kumi na nne. Sitaficha: iliniuma. Nilihisi naporwa kitu changu, maana nilikotoka heshima yangu ilikuwa kujua peke yangu. Mkuu alisema neno moja tu: "Watu huugua, hupata watoto, hufiwa. Lazima waweze kuondoka." Habari ya Pangani alikuwa haijui.

Zamu ya kupigiwa simu usiku inanifikia wiki moja kati ya tano. Wiki hiyo sisogei mbali na kompyuta. Wiki nyingine zote, Jumamosi naenda Rajaportti, sauna ya umma mtaani Pispala, ya mwaka 1906, kongwe kuliko sauna zote za umma zinazotumika bado nchini. Inachomwa kwa kuni. Simu inabaki kwenye mfuko wa koti. Kifini changu kingi nimekiokota humo, kwa wazee ambao mtaani wangenipita kimya.

Kitu ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni kuvua samaki juu ya barafu. Hapa kuvua kwa mshipi ni haki ya kila mtu. Hulipi wala huombi kibali. Machi, siku zikishaanza kurefuka, natembea juu ya ziwa Näsijärvi nikiwa na kekee ya kutobolea barafu, kigoda, na ufito mfupi kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Unatoboa shimo la upana wa sahani, unashusha mshipi, unangoja. Wanaotoka ni ahven, samaki wadogo wenye mistari. Nawapaka ndimu na chumvi, nawakaanga, kisha nawatia kwenye tui la kopo.

Novemba 2022 mdogo wangu alinipigia usiku: baba hali si nzuri. Nikamwandikia mkuu ujumbe saa tano za usiku, na asubuhi nilikuwa kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege. Baba nilimkuta bado anazungumza. Usiku mimi na mdogo wangu tulipokezana kukaa naye, na ikifika zamu yangu alitaka nimsimulie tena habari ya barafu. Unene wake kiasi gani? Nikamwambia tunapima kwanza, isipofika sentimita kumi hatukanyagi. Chambo? Funza. Mawimbi je? Hakuna, baba, chini maji yametulia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: samaki anajuaje kwamba juu kuna shimo? Nikasema anaona mwanga. Hilo lilimpendeza, akanirudishia mwenyewe mara mbili: anaona mwanga.

Alifariki siku ya tano alfajiri. Kaburini nilishuka mimi na mdogo wangu, tukampokea kwa mikono yetu.

Siku kumi na moja nilizokaa Tanga, simu ya kazini haikulia hata mara moja. Niliporudi, tukiwa kwenye kahawa, ndipo nikaambiwa kwamba seva ya barua pepe ilianguka siku ile ile ya mazishi. Mwenzangu alifungua ukurasa wa sita, akaufuata mstari kwa mstari, na katika saa moja na nusu ikasimama. Nilitoka nikaenda kusimama ngazini peke yangu mpaka nilipoweza kurudi.

Mei 12, 2024 ilikuwa Jumapili, siku ya akina mama hapa Ufini. Nikampigia mama kwa WhatsApp, ikazunguka, ikakata. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na upande wa kaskazini kebo za Bahari ya Shamu zilikuwa na majeraha tangu Februari. Intaneti ya nyumbani ikawa inachechemea. Jumapili tulisalimiana dakika mbili kwa simu ya kawaida. Jumatano nikanunua salio la kutosha, tukazungumza.

Mama alidhani mtandao unapita angani, kwenye minara. Nikamweleza kwamba kutoka nchi hadi nchi umelazwa chini ya bahari.

"Kama mshipi?"

"Kama mshipi, mama. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele."

Akafikiri. "Na ukikatika hivi, nani ana zamu?"

Hakuwahi kuniuliza swali kama hilo. Nikamwambia kuna meli iitwayo Léon Thévenin, makao yake Cape Town. Ikipata habari inang'oa nanga, inakwenda mpaka mahali penyewe, inashusha ndoana kubwa kukokota ncha moja hadi juu ya sitaha, kisha nyingine, na mafundi wanaziunga uzi kwa uzi, wanazirudisha chini taratibu.

"Basi ndiyo kazi mnayofanya nyinyi," akasema. "Mungu awape bahari shwari." Kisha, kabla salio halijaisha: "Wamebeba maji ya kutosha?"