Someni kifungu cha riba kabla ya kusaini

Jamani wa Tanga, hii mikataba ya mikopo ya Kiingereza inaniuma. Shangazi yangu anauza samaki Ngamiani, kaletewa mmoja, kalamu tayari mkononi. Nikamsomea taratibu: laki 5, riba asilimia 10 kwa mwezi, miezi 5, na riba inapigwa kwenye mkopo wote hata deni likishapungua. Jumla ya riba 250,000! Ingepigwa kwenye deni lililobaki, akipunguza laki moja kila mwezi, ingekuwa 150,000. Dhamana je? Friza lake la samaki, hilohilo linalomlisha. Shangazi kaweka kalamu chini, kasema ataulizia kwanza kwenye kikoba chao. Wakopeshaji, andikeni Kiswahili. Mnaowakopesha pale sokoni ni mama zetu.