Kichwa cha udongo dirishani Sablon

Jumamosi nimepita Sablon hapa Brussels, ule mtaa wa maduka ya vitu vya kale, nikasimama mbele ya dirisha moja nikashindwa kuondoka. Kichwa cha udongo wa kuchoma, bapa, macho kama punje za kahawa, chale usoni, wamekichomeka kwenye chuma. Kikaratasi kinasema Bura, Niger, halafu bei, ambayo kwangu mimi ni kodi ya nyumba ya miezi mingi.

Jamani kile ni kichwa cha kaburi. Bura ni eneo la makaburi ya kale huko Niger, nimeisikia kwa dada mmoja wa Niamey, mji mkuu wa huko, niliyekuwa nafanya naye kazi. Mwaka 1975 kijana mwindaji aliona vitu hivi mchangani, 1983 mwanaakiolojia Boubé Gado na wenzake wakachimba wakakuta ni makaburi, mitungi mamia imefudikizwa mdomo chini, ndani meno ya watu, mifupa, ncha za mishale ya chuma, na juu ya mtungi ndo kinakaa kichwa, au mtu juu ya farasi, na farasi mwenyewe ana lijamu na mapambo kamili, yaani aliyefinyanga alikuwa anamjua yule anayezikwa. Watu walizika hivyo toka karne ya 3 hadi karibu ya 13.

Kuna maonyesho makubwa yalifanyika Paris 1993 kuhusu bonde la mto Niger, dunia ikaona uzuri wake, na baada ya hapo wachimbaji wa wizi wakaingia makaburini. Kichwa kinauzika, mifupa haiuziki, inaachwa juani. Niger ikatunga sheria ya kulinda vitu vyake vya kale 1997, na mwaka 2000 baraza la makumbusho la kimataifa likaviweka kwenye orodha nyekundu ya vitu vya kutonunuliwa hovyo, lakini dirishani bado vipo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwezi wa tatu tulikuwa tunachanga kumrudisha ndugu yetu Tanga, wiki tatu mwili uko kwenye friji, michango, vibali, simu usiku, na mama yake kila nikipiga anasema neno moja tu, mleteni nijue alipolala. Na hawa wa Niger walijua wapendwa wao walipolala, alama waliiweka wenyewe, sasa alama iko Ubelgiji inauzwa.

Nikaingia nikamuuliza muuzaji, hiki kilitokaje Niger? Akasema ni mkusanyo wa zamani wa familia. Zamani ipi wakati makaburi yenyewe yamegunduliwa 1975? Nikamwomba karatasi za mwaka kilipotoka, akaniuliza kama mimi ni mteja, basi nikatoka.

Nilipiga picha nikamtumia yule dada WhatsApp. Akakaa kimya mpaka jioni, halafu akaniuliza, na mtungi wake upo? Nikamjibu hapana dada, ni kichwa peke yake.